Kabla ya Kununua Pampu Kubwa: Rejeta za Ukutani Katika Nyumba Kuukuu ya Ghorofa

Mafundi wenzangu, wanafunzi, na wazee mliofika, hamjambo.

Najua mtu wa Kampala atauliza rejeta za ukutani, yaani vile vyuma vinavyopitisha maji moto ili kupasha chumba joto, zinamhusu nini wakati yeye anatafuta feni. Lakini baadhi yenu mnashughulikia karatasi za kwenda kufanya kazi Uingereza, na huko nyumba ya zamani yenye chini na juu ndiyo itakayowapima. Mwenye nyumba atawaambia: juu tunatoka jasho, chini tunakaa na makoti, nifungieni pampu kubwa. Msiikimbilie pampu.

Sisi tumezoea tangi juu ya paa. Bafu la ghorofani linakosa nguvu kwa sababu tangi liko karibu mno juu yake, basi unainua tangi au unafunga pampu. Mfumo wa rejeta haufanyi kazi hivyo. Maji yake hayamwagiki popote: yanatoka kwenye boila, mashine ya kuyapasha moto, yanapita kwenye rejeta, yanarudi palepale. Ni kama gurudumu la baiskeli, upande unaoshuka unaupandisha mwenzake. Kwa hiyo pampu haibebi uzito wa maji kwenda juu. Inapambana na msuguano wa mabomba na vali, basi. Kinachoyafikisha maji ghorofani ni presha ya kujazia. Mita 10 za kimo ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), ndiyo maana nyumba kama hiyo hujazwa bar 1 hadi 1.5 ikiwa baridi. Geji ya presha ikishuka kila mara, tafuta panapovuja. Usiwe mtu wa kujaza tu, maana maji mapya huleta oksijeni, na oksijeni huleta kutu.

Halafu tumieni mkono. Rejeta baridi juu na moto chini ina hewa. Zima pampu, acha ipoe, shika kitambaa, fungua kidogo kwa ufunguo wake. Na sigara weka mbali, kwa sababu kutu ya ndani huweza kutoa haidrojeni. Ikiwa moto juu lakini baridi chini katikati, hapo kuna tope jeusi la chuma. Hilo husafishwa, kisha unatia dawa ya kuzuia kutu, na chujio la sumaku karibu na boila.

Sasa kazi yenyewe. Maji hupenda njia rahisi. Rejeta iliyo karibu na pampu hujipakulia, ya mwisho ikabaki na makombo. Kila rejeta ina vali mbili: moja ya mwenye nyumba, nyingine imefunikwa kofia, hiyo ndiyo ya fundi. Fungua zote, washa, uandike ipi imepata moto kwanza. Iliyotangulia, bana vali yake ya fundi, kidogo kidogo, ya mwisho iache wazi. Pima joto la bomba la kuingia na la kutoka. Desturi ya zamani ya Uingereza ilikuwa tofauti ya nyuzi 11 za Selsiasi. Kwa boila za kisasa wengi hulenga 20. Kila ukigusa vali, subiri. Anayelipwa kwa saa ataipenda kazi hii.

Nyumba nyingine zina bomba moja tu linalozunguka, kila rejeta ikirudisha maji yaliyopoa humohumo. Hapo kubana vali hakutamaliza shida. Rejeta za mwisho lazima ziwe kubwa zaidi.

Boila nalo. Tangu 2005, boila mpya za gesi za England na Wales, isipokuwa chache, ni zile zinazonasa joto la mvuke wa moshi, na hazilinasi vizuri maji yakirudi na nyuzi zaidi ya 55 hivi. Ukikuta limewekwa 80, shusha. Ila uwe mkweli kwa mteja: rejeta hupimwa kiwandani ikiwa nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Ikiwa 30 juu yake, hutoa karibu nusu tu. Chumba kikiwa na madirisha yanayopitisha upepo na dari isiyo na kizuizi cha joto, rekebisha hayo kwanza, ndipo ufikirie rejeta kubwa.

Mwisho, vali zinazojifunga zenyewe kwa joto ziwekeni kwenye rejeta za vyumba vyote isipokuwa chenye termostati kuu, kile kifaa kinachoizima boila chumba kikishapata joto. Vali hiyo na termostati zikikutana chumba kimoja, vali hujifunga mapema, termostati haifikii joto lake, na boila huendelea kuwaka bure.

Haya, maswali. Naanza na kijana wa Kabale pale nyuma.