Kuimba Utenzi Uwanjani Bila Kipaza Sauti

Assalamu alaikum, mabibi na mabwana.

Nazungumza na nyinyi mnaotaka kuwaimbia tenzi wapita njia hapa uwanja wa Mkunguni, Lamu, mbele ya ngome, mtu akitoka sokoni na kikapu chake. Neno langu la kwanza si sauti. Ni mahali pa kusimama.

Ukumbini kuta hukurudishia sauti. Nje haina wa kuirudisha. Kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6, kipimo cha ukubwa wa sauti. Aliye mita 16 hupata desibeli 18 pungufu ya aliye mita 2, na huyo wa mbali ndiye tunayemtaka asimame. Basi jitafutie ukuta wa mawe uliopigwa lipu, uupe mgongo, usimame mita moja mbele yake. Hapo mwangwi hufika upesi mno hata sikio halitengi. Husikia sauti iliyojaa tu. Ukisogea mita kumi mbele, mwangwi uo huo huanza kuzikanyaga silabi.

Halafu upepo. Usiukabili kusi. Watu husema upepo unairudisha sauti, lakini sivyo. Chini upepo hupunguzwa na ardhi na nyumba, juu huenda kasi. Tofauti hiyo huipinda sauti ikapita juu ya vichwa. Ukiupa mgongo, sauti hupindwa kushuka. Ukiukabili, kwa aliye mita tano si kitu, ila wa ng'ambo ya uwanja ataona midomo tu. Ardhi yenye moto ya saa nane mchana nayo huipandisha sauti vivyo hivyo. Imbeni baada ya alasiri, jua likishapunga, na mmalize kabla ya adhana ya magharibi.

Sasa koo, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Nje mwimbaji hajisikii, na asiyejisikia husukuma. Shingo hukaza, mishipa hutokeza, sauti hupanda juu ya tuni na baada ya robo saa inakwaruza. Muadhini hutia mkono sikioni, nanyi fanyeni hivyo: kiganja nyuma ya sikio, kimekunjwa kuelekea kinywani, utajisikia mara moja. Waimbaji wa opera, ambao huishinda okestra nzima bila kipaza sauti, hawashindi kwa nguvu. Hukusanya mlio wao, hasa wanaume, karibu na hezi 3000, yaani mitetemo 3000 kwa sekunde, ambako sikio la binadamu ni kali na ala nyingi zimeshalegea. Ukiupata mlio huo utausikia ukitetema usoni, wala koo halitaabiki.

Kina mama, msianze juu sana. Sauti ikivuka kama hezi 700, i na e na a hukaribia kuwa kitu kimoja, na utenzi usiosikika maneno umekwisha. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ndizo zinazosafiri, zivuteni. Konsonanti zipigwe kwa ukali kuliko nyumbani.

Udi, ile ala ya nyuzi, ukae chini ya mita mbili kutoka kwa mwimbaji, la sivyo hamtausikia. Tari hulegea kwa unyevu wa jioni. Liwe na moto wa kuotea karibu.

Mpita njia hupata beti mbili, tatu, akaenda zake. Chagueni sehemu ya utenzi ambapo kila ubeti una maana yake kamili, vipande vinne vya mizani nane. Na wasikilizaji wakae nusu duara, muache njia ya mita mbili upande wa nyumba, punda aliyebeba mawe apite bila mtu kuondoka.