Mimi na wifi yangu tunavyouza vitu vya zamani mtandaoni, kuanzia Darajani mpaka kwa mteja

Assalaam aleykum jamani, karibuni tena. Leo nakuonesheni vile mie na wifi yangu tunavyonunua vitu vya zamani hapa Unguja tukaviuza mtandaoni, mana kila siku naulizwa inboksi "dada mnavitoa wapi". Wifi mwenyewe hamumuoni, yeye ndo kashika simu anarikodi, picha ikitikisika ujue anacheka.

Haya. Kabla hujanunua hata kijiko, nunua daftari. Sisi tulianza na 30,000 kila mtu, hatukuandika kitu, mwezi wa pili mie naona nauli zote nimetoa mie, yeye anaona bando lote kaweka yeye, tukanuniana wiki nzima mpaka mama mkwe akauliza kulikoni humu ndani. Sasa tunaandika kila kitu, kimenunuliwa ngapi, daladala ngapi, kimeuzwa ngapi. Kikiuzwa mtaji unarudi mwanzo, gharama zinatoka, kinachobaki ndo nusu kwa nusu. Kazi pia tumegawana, mie natafuta na kupatana bei, wifi anapiga picha na kujibu wateja, mana mie mtu akiniuliza bei ya mwisho mara tatu nshamjibu vibaya.

Kutafuta, mie huenda soko la Darajani asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, halafu nawapitia wanaonunua vyuma chakavu, hao usiwadharau, midila (birika za kahawa) na masinia ya shaba yanapimwa kwa kilo pale kama misumari! Maduka ya vitu vya kale kule mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, sinunui, bei ya watalii ile, lakini napita kutizama wanauza nini na kwa ngapi, najifunza bure.

Sasa sogeza simu hapa mezani wifi, karibu zaidi. Hii reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia wa zamani wa Austria, mnaona imeandikwa 1780. Muuzaji atakwambia ina zaidi ya miaka mia mbili, usikurupuke, zile reale ziliendelea kupigwa na tarehe ile ile ya 1780 miaka na miaka baada ya mwenyewe kufa, kwa hiyo mwaka haukwambii kitu. Ipime kwa sonara, ya fedha ya sawasawa inakaribia gramu 28, ikiwa nyepesi sana iache hapo hapo. Na hizi shilingi za East Africa, kuanzia 1921 mpaka 1946 zina fedha ndani, robo tu lakini imo, za 1948 kuendelea hazina.

Na hii ndogo ya shaba nyekundu ni pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa zamani, upande mmoja mizani, mwaka 1299 wa hijria, yaani 1882. Hapa niskizeni vizuri. USISAFISHE SARAFU. Tulikuwa nayo nyengine nzuri kuliko hii, wifi kwa wema wake akaisugua kwa ndimu na jivu kama anavyosugua mdila siku ya Idi, ikatoka inang'ara kama mpya, mteja alipoona picha akasema imeharibiwa, akalipa robo tu ya bei tuliyokwisha kupatana. Wakusanyaji wanataka ule weusi wake. (Wifi usizime simu, yashapita hayo.)

Stempu pia. Ukipata barua ya zamani usiibandue stempu, uza na bahasha yake na muhuri wa posta. Zile za Sultan Abdulla zilizogongwa JAMHURI 1964 baada ya mapinduzi zinatafutwa, lakini wapo wanaogonga muhuri wao nyumbani, kwa hiyo kama huna uhakika andika huna uhakika. Sahani nazo zigeuze chini, hii imeandikwa Petrus Regout, Maastricht, ndo zile za Uholanzi ambazo bibi zetu walikuwa wakizipanga kabatini.

Usiguse pembe za ndovu wala gamba la ng'amba (aina ya kasa), hata upewe bure, utaingia matatani. Na mlango au kasha la kale ukitaka kulitoa nje ya nchi, waulize kwanza watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Picha, tandika shuka jeupe karibu na dirisha asubuhi, hapana filta, weka sarafu ya 500 pembeni mtu ajue ukubwa, piga juu, chini, na ile pahala palipovunjika ipige karibu kabisa. Maelezo andika jina, vipimo, maandishi yaliyopo na kasoro. Sisi tunaanza na stetasi ya WhatsApp na Instagram, sarafu ndo tunatizama eBay, lile soko la mtandaoni la nje, vile VILIVYOUZWA, sio vile watu wanavyoomba, mana kuomba hata mie naomba milioni.

Mteja akisema katuma hela usiamini ujumbe, fungua salio. Tushaletewa meseji ina kila kitu mpaka namba ya muamala na hela haimo, nilikuwa nshafunga mzigo nipo mlangoni.

Kufunga sasa. Sahani ifunge kwa nguo, kisha sponji ya godoro, boksi ndani ya boksi, litikise, ukisikia kitu kinacheza fungua uanze upya. Wa Dar tunawapelekea kwa boti, wa nje tunakwenda posta tunachukua risiti yenye namba ya kufuatilia, tunaipiga picha tunamtumia mteja, na risiti yenyewe inabandikwa kwenye lile daftari.

Huu mdila nimeununua 15,000 juzi, bado haujaenda hewani. Wifi njoo huku kwenye mwanga tuupige picha, simu nipe nikushikie.