"Seem", "May" na Pampu Inayovuja

Leo ni maneno ya Kiingereza ya kuonyesha shaka, na jinsi yanavyotuponza kwenye ripoti na tafsiri. Wanaonijua wameshaanza kutabasamu, wanajua naanzia wapi. Naam, naanzia kwenye ile ndege. Nivumilieni.

Tarehe 13 Januari 1982, Washington, theluji inaanguka. Boeing 737 ya Air Florida inashika kasi ili iruke. Rubani msaidizi anatazama vipimo vya injini, anaona mambo siyo. Kinasa sauti kikamnasa: "That don't seem right, does it?" Hebu ifungueni sentensi hiyo kama fundi. "Seem": yaonekana. "Does it?": au sivyo? Kasoro ameiona kwa macho yake, lakini kaivisha nguo mbili ndipo akaitoa nje. Mara akazivua: "That's not right." Hiyo siyo sawa. Hapo kasema! Rubani mkuu akamjibu kwamba iko sawa. Na yule kijana akarudi nyuma: "Maybe it is." Huenda iko sawa! Vipimo vilikuwa vinadanganya kwa sababu ya barafu. Injini hazikuwa na nguvu zilizoonyeshwa. Ndege ikagonga daraja, ikaingia mto Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa darajani, kwenye magari yao.

Kila mwaka kuna anayeniuliza: mwalimu, unaisingizia sarufi kosa la barafu? Siisingizii. Barafu ni barafu, na mfumo wa kuiyeyusha kwenye injini haukuwashwa. Ila muda wa kusimamisha ndege ulikuwapo, na muda huo uliliwa na "seem" na "maybe".

Tatizo letu sisi tuliojifunza Kiingereza darasani ni kwamba tumefundishwa maneno haya ni adabu. "May" tuliijua kwa kuombea ruhusa ya kwenda nje. Kwa hiyo mtu akisoma "the brakes may fail", yaani huenda breki zikafeli, anaona kama breki zimeruhusiwa kufeli! Kisha akiandika ripoti anatia "may" kila mstari, kama chumvi: "The pump may be leaking." Bwana we, maji yamekufika kwenye viatu. Pampu inavuja! Usichokijua ni kwa nini. Andika "The pump is leaking. The seal may be worn." Pampu inavuja, huenda sili, ile mpira ya kuzuia maji, imechakaa. Ulichokiona kiache uchi, shaka ipeleke kwenye sababu. Nikifa leo, mkumbuke hilo tu.

Mtaniambia bosi atakasirika. Basi mpe adabu bosi: msalimie, mshukuru kwa muda wake. Pampu haina cheo.

Na msinielewe vibaya, anayeandika kila kitu kwa uhakika ni mwongo wa aina nyingine. "The seal is worn" wakati hujaifungua pampu? Umeota?

Haraka haraka sasa. "Tends to" si shaka kabisa, ni mazoea: "the engine tends to overheat" maana yake injini ina tabia ya kuchemka, imeshachemka na itachemka tena. Wengi huitafsiri "huenda ikachemka", na mnunuzi anapona kwa bahati. "Likely", yaani yaelekea, ina uzito kuliko "may", msizibadilishane. "Could" na "might" nilikuwa na mifano yake mizuri, na "a bit", yaani kidogo, ambayo Mwingereza huweza kuisema huku nyumba inaungua, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu, naye hajatumia "may" hata kidogo.