Ruta Imekufa, Antena Iko Hai

Ndugu zangu mafundi, hamjambo. Leo nimekuja na antena mbili tu, zote nimezing'oa kwenye ruta za Wi-Fi zilizoungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Kilichoungua ni saketi. Antena ni waya tu, haina cha kuungua, na inaniuma kuiona jalalani.

Hii ya kwanza nimeipasua. Ganda lina sentimita 18, lakini tazameni ndani: kijiwaya cha sentimita 3 kimesimama juu, na chini yake kibomba cha shaba cha urefu huohuo. Basi. Kwingine kote ni uwazi mtupu. Wimbi la Wi-Fi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na antena hii inataka nusu yake. Kwa hiyo ganda refu lisiwadanganye. Wala msiifunge kwenye redio ya megahezi 433, maana wimbi la huko ni la sentimita 69.

Ya pili pokezaneni. Chungulieni ndani ya nati: mnaona tundu, si pini? Kwenye ruta nyingi za Wi-Fi pini hukaa upande wa ruta. Sasa, kuna kebo fupi za antena madukani ambazo nazo zina tundu. Ukizifunga kwenye antena hii, hesi inakaza vizuri kabisa, kumbe tundu linatazamana na tundu. Nilipoteza siku nzima kwa mteja mmoja, nabadilisha mipangilio ya kamera, nabadilisha adapta ya umeme, na kosa lilikuwa hapo kwenye nati. Tangu siku hiyo nachungulia kwanza, ndipo nafunga.

Ikishakaa, kumbukeni nguvu yake husambaa ubavuni, mithili ya tairi lililolazwa, antena ikiwa ekseli yake. Juu ya ncha hakuna kitu. Aliye ghorofani juu yake akilalamika, ilazeni.

Anayetaka kufika mbali atafute dishi kuukuu la satelaiti. Mwaka 2006, huko Venezuela, mhandisi Ermanno Pietrosemoli aliunganisha Wi-Fi kutoka mlima Pico del Águila hadi El Baúl, kilomita 279, kwa ruta za Linksys za kawaida na dishi lililowahi kutumika kwa satelaiti. Nikilitazama dishi lenye kutu juu ya bati, hilo ndilo ninaloliwaza.

Mezani kuna ruta nane mbovu na bisibisi. Karibuni, na kila mmoja aanze kwa kuchungulia nati.