Uhai wa Kigurung hauhesabiwi kwa vichwa

Ndugu wanafunzi na wageni wetu, naanza na hesabu, maana ndizo zinazotupumbaza. Sensa ya Nepal ya mwaka 2001 ilipata watu 339,000 hivi waliotaja Kigurung kuwa lugha yao ya mama. Mwaka 2011 walikuwa 325,000 hivi, na mwaka 2021 wakafika 328,000. Basi tunaambiwa lugha iko salama, imesimama palepale. Lakini katika miaka hiyo ishirini watu wa Nepal wameongezeka kutoka milioni 23 hadi milioni 29, na Wagurung wenyewe ni zaidi ya nusu milioni. Wengi wao, basi, hawaitaji lugha ya wazee wao kuwa yao. Tena sensa huuliza lugha ya mama. Haiulizi jana usiku ulimsemesha mwanao kwa lugha gani.

Wagurung wenyewe huiita lugha yao Tamu Kyi. Kwao ni wilaya za Lamjung, Kaski, Gorkha, Syangja na Manang, kuizunguka milima ya Annapurna, na lugha hiyo ni ndugu wa karibu wa Kitamang na Kithakali.

Vijana wa milima hiyo wameandikishwa katika jeshi la Waingereza tangu vita vya 1814 hadi 1816. Kambini walichanganywa na makabila mengine ya Nepal, Wamagar, Warai na Walimbu, na lugha ya kuwaunganisha ikawa Kinepali. Waliostaafu, wengi walijenga nyumba katika mji wa Pokhara ili watoto wapate shule. Kuanzia 1960 hadi 1990 serikali ya Panchayat, utawala wa mfalme usio na vyama, ikahimiza lugha moja kwa taifa zima. Siku hizi shule za kulipia zinafundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa Pokhara anaweza kumwelewa bibi yake vizuri kabisa, na bado akamjibu kwa Kinepali. Hatari iko kwenye jibu hilo, kwa kuwa mtoto huyo naye atazaa.

Kinachoniumiza zaidi ni pye, masimulizi ya kale ambayo makuhani waitwao pachyu na klehpri huyaghani kwa moyo. Katika matanga, kuhani huisindikiza roho ya marehemu kwa maneno, mahali hadi mahali, mpaka kwa wahenga. Lugha yake ni kongwe kiasi kwamba hata msemaji hodari haifuati yote. Mwanagenzi hujifunza kwa sikio, miaka mingi, kwa mwalimu wake. Asiye na Kigurung cha nyumbani ataanzia wapi? Tunaweza kurekodi kila neno na bado tukakosa mtu wa kuisindikiza roho.

Sheria, kwa kweli, si mbaya. Katiba ya 2015 inazitambua lugha zote za mama kuwa lugha za taifa, na mwaka 2021 Tume ya Lugha ilipendekeza Kigurung na Kimagar zitumike rasmi katika jimbo la Gandaki, lenye mji wa Pokhara. Upo pia ubishi wa maandishi: Devanagari inayoandikia Kinepali, Khema ya Wagurung wenyewe, Kitibeti au herufi za Kirumi? Naheshimu hisia za kila upande, ila naona ubishi huo unakula muda ambao watoto hawana. Ningekuwa na usemi juu ya fedha za jimbo, ningeanzia shule za awali za Pokhara: niwaajiri mabibi wanaokisema Kigurung, walipwe mshahara kama walimu wengine, na watoto wa miaka mitatu washinde nao kutwa.