Kiharusi: Tazama Saa, Mpeleke Hospitali

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Kuna jambo linaniuma. Mtu akiamka mdomo umeenda upande na mkono hauinuki, wengi wetu bado tunasema kapitiwa na upepo, au katupiwa jini. Anakandwa mafuta, anaitiwa mganga, siku inakwisha. Dua siikatazi kamwe. Msomeeni mkiwa ndani ya gari. Hicho ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na kila dakika sehemu ya ubongo inakufa.

Mwambieni atabasamu. Anyanyue mikono yote miwili. Ataje majina ya wanawe. Tabasamu likipinda, mkono mmoja ukishuka wenyewe, au maneno yakivurugika, tazama saa na uikumbuke, kwa sababu daktari atauliza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu hapo, tena baada ya kipimo cha CT scan, picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Ndiyo maana nawasihi msimpe aspirini nyumbani: kama damu inavuja, itazidi kuvuja. Wala maji, wala uji, maana anaweza kupaliwa. Na dalili zikitoweka baada ya dakika kumi, mpelekeni vilevile. Kiharusi kikubwa chaweza kufuata siku hiyohiyo.

Utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta watu wa Dar es Salaam wanapata kiharusi kwa kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri, na wa Hai kwa kiwango kinachofanana nacho. Mchawi mkubwa ni presha. Ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo, mishipa inaharibika bila wewe kuhisi lolote. Halafu mtu anapewa dawa, presha inashuka, anaacha kumeza: "Nimepona." Jamani! Imeshuka kwa sababu unameza. Dawa ya presha si ya malaria kwamba utamaliza dozi.

Sigara, kisukari na pombe mnavijua. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya paketi. Na wenye watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, msikose kliniki, maana kiharusi huwapata hata wadogo.

Mashine ya presha ipo mezani pale mlangoni, ni bure. Mliokuja na dawa zenu, njooni nazo tuziangalie pamoja.