Makopo ya ujana

Assalamu alaykum, na wengine, hamjambo. Naona mbele hapa nyuso nilizoziona mwaka jana. Basi mnajua nitakayosema juu ya vidonge vya kurudisha ujana, na mtayasikia tena.

Nianze na bibi mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, simtaji. Alinijia kwenye duka langu la dawa asubuhi na leso puani, damu inamtoka tangu alfajiri. "Mwanangu, ni joto tu." Kaskazi ilikuwa kali kweli, lakini joto haliachi madoa ya zambarau mkononi, kila moja sawa na mdomo wa kikombe cha kahawa. Nikamuuliza, unameza dawa gani? Warfarini peke yake, ya vali ya moyo. Na nyingine? Hakuna. Nikarudia, hakuna. Mara ya tatu mjukuu wake akachomoa: "Na zile za ujana, nyanya?"

Mkoba ukafunguliwa, makopo mawili mezani. Moja alilinunua shilingi 4,500 kwa mwenzake wa chama. Mbona hukunitajia, bibi? "Si dawa hizo, mwanangu, ni lishe."

Nikachukua kioo cha kukuzia, maana maandishi ni madogo kama mayai ya sisimizi. Kopo la kwanza ginkgo, ya majani ya mti wa Uchina, la pili vitamini E, yuniti 1,000 kwa kidonge. Warfarini kazi yake ni kuzuia damu isigande kwenye vali ile. Ginkgo na vitamini E nyingi namna hiyo huweza kuvuta kamba upande ule ule, damu ikazidi kutoka. Na chini kabisa ya lebo, wenye kopo wenyewe wameandika kwamba bidhaa hii haikukusudiwa kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Nikamsomea. Akanikazia macho kama kwamba mimi ndiye niliyeandika!

Maneno hayo yana asili yake. Tangu sheria yao ya 1994, Marekani huuza virutubisho bila muuzaji kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Akitaka kusifu sifu, aongeze kijisentensi hicho. Anayenunua Mombasa hukisoma? Hata miwani hajavaa.

Bibi alilazwa, akatoka salama. Huenda yumo humu, ndiyo maana simtaji.

Sasa kuna mtu ananiambia moyoni, "Lakini daktari, ni vitu vya asili." Kwanza mimi mfamasia, si daktari. Pili, bunju, yule samaki wa sumu, naye ni wa asili. Nani humu atamkaanga bunju usiku wa leo?

Mwingine, "Vitamini ikizidi huenda na mkojo." Si zote. Vitamini A haiendi, hukaa kwenye ini ikalichosha. Na kule Finland walichukua wanaume wavutao sigara zaidi ya 29,000, baadhi yao wakapewa beta-karotini kila siku, ile inayoipa karoti rangi. Watafiti walitumai saratani ya mapafu itapungua. Matokeo ya 1994 yakaonyesha waliomeza wameipata zaidi kwa asilimia 18. Karoti haikukosa lolote, kaleni, na maembe ya Kongowea mle. Ninachozungumzia ni kidonge.

Msiniite adui wa vidonge, nauza vidonge! Anayetumia metformini ya sukari miaka mingi, apimwe B12, maana dawa ile huipunguza, na ikipungua nyayo hufa ganzi akadhani ni uzee. Mama wa buibui anayeshinda ndani, vitamini D yaweza kuwa chini ijapokuwa jua letu mwalijua. Hapo kidonge kina kazi, kwa sababu kuna pengo la kuziba.

Lakini ujana? Resveratroli, ya maganda ya zabibu, iliwarefushia maisha panya wanene. Mwaka 2008 GlaxoSmithKline, kampuni kubwa ya dawa, wakainunua Sirtris, kampuni iliyokuwa ikiifuatilia, kwa dola milioni 720. Mwaka 2013 wakaifungia ofisi. Wale wanajua kuhesabu pesa. NMN, kidonge kingine cha ujana, nayo huongeza NAD katika damu, kemikali inayosaidia seli kupata nguvu, sawa, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba mtu huishi zaidi kwa kuimeza. La kuvunda halina ubani.

Kolajeni, haraka haraka: tumbo huivunja vipande kama linavyoivunja supu ya miguu ya ng'ombe, na supu ni rahisi zaidi. Manjano ya mchuzi hayana neno, ila ya vidonge vikali yameshawaumiza watu ini. Na hivi vidonge vya maumivu ya viungo vya mwili vinavyotuliza goti kwa siku mbili, nilitaka kuwaeleza habari ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, zinazofichwa ndani, lakini mwenyekiti ananionyesha saa na adhana imekaribia.

Basi niliwaambia mje na makopo yenu. Nani amekuja nayo? Wewe mama wa nyuma, usiusukume mfuko chini ya kiti, nimekuona. Lete hapa. Na orodha ya dawa za hospitali, lete pia.